Jinsi ya Kuiokoa Katiba kwa Kifaru

Hongera, mwanangu. Nyota zimetimia begani, buti linang'aa, na huko mji mkuu wakubwa wawili wanagombania karatasi iitwayo katiba. Kila mmoja anakutupia jicho la pembeni. Wakati wako umefika na sipendi uuchezee. Sogea karibu, sauti tuishushe kidogo.

Usiniulize mtu wa Handeni nimesomea wapi mambo haya. Najua sisi Uzigua tunasifika kwa waganga, mahindi na ukame, na jirani zetu wa Korogwe kwa mkonge na kwa wali wanaokula abiria wa mabasi ya Arusha. Lakini mwaka 1972 Handeni kulikuwa na kambi ya wanajeshi wa Uganda waliofukuzwa kwao. Katika jeshi hilo la wakimbizi wametoka makamanda wawili: mmoja alimponza rais wa nchi yake mwaka 1980, mwingine akampindua rais mwaka 1985. Viko vyuo vya kijeshi vyenye majengo mazuri na bendi ya shaba ambavyo havijafikia matokeo hayo. Kwa hiyo nisikilize.

Hatua ya kwanza: katiba usiisome

Katiba ya Uganda ya mwaka 1962 ilikuwa na mitego. Mwaka 1963 Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, akafanywa Rais wa nchi, na Milton Obote akabaki Waziri Mkuu. Mmoja ana ngoma na kiti cha enzi, mwingine ana hazina na polisi. Mwaka uliofuata watu wa Buyaga na Bugangaizi wakapiga kura warudi Bunyoro, na Rais, ambaye ndiye huyo huyo mfalme anayenyang'anywa kaunti hizo, akatakiwa atie saini. Akakataa. Mawakili wanaweza kukusimulia kisa hicho wiki nzima bila kunywa maji.

Wewe usiende kuwasikiliza. Ukisoma katiba utapata maoni, na ofisa mwenye maoni hupelekwa mpakani kuhesabu ng'ombe. Jua jambo moja tu, tena ulijue kwa moyo: nani anasaini vyeo. Idi Amin, mwalimu wetu mkuu katika somo hili, shule haikuwahi kumchosha. Aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akawa bingwa wa ndondi wa Uganda kwa miaka mingi, na ilipofika mwaka 1966 alikuwa kanali. Katiba yake ilikuwa ngumi ya kulia.

Hatua ya pili: uwe na kashfa ya kwako

Hapa vijana wengi hukosea. Hudhani mkubwa anatafuta ofisa msafi. Ofisa msafi wa nini? Anaweza kuamka asubuhi moja akakataa amri. Mwenye kashfa hakatai.

Amin aliipata ya kwake Kongo. Katika miaka ya 1964 na 1965 serikali ya Obote ilikuwa inawasaidia kwa siri waasi wa mashariki ya Kongo, na Amin ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Dhahabu na pembe za ndovu zikavuka mpaka, na akaunti ya kanali ikanenepa kupita mshahara wake. Mbunge Daudi Ocheng akazipata hesabu za benki, na tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa ziarani kaskazini, akazianika Bungeni. Wabunge wakaazimia Amin asimamishwe kazi, achunguzwe. Aliyepinga ni mmoja tu, John Kakonge.

Sasa angalia utamu wa kashfa ya kushirikiana. Ocheng hakumtaja Amin peke yake. Alimtaja na Obote pamoja na mawaziri wake wawili. Kuanzia siku hiyo Waziri Mkuu na kanali walikuwa na kesi moja. Tarehe 22 Februari mawaziri watano waliokuwa upande wa pili wakakamatwa wakiwa kikaoni, katika baraza la mawaziri lenyewe. Brigedia Shaban Opolot, aliyekuwa juu ya Amin, akapewa cheo kipya chenye jina refu na kazi fupi. Baadaye akawekwa kizuizini. Amin akakabidhiwa jeshi. Tarehe 24 katiba ikasitishwa.

Upitie tena mpangilio huo taratibu. Bunge limeamua mtu asimamishwe, na kabla wiki tatu hazijaisha amepandishwa. Ukisikia tume inakuja kukuchunguza, mwanangu, mtafute fundi akupime sare mpya.

Hatua ya tatu: kalamu waachie raia

Askari anayeandika katiba kwa mkono wake hana haya. Watafute wenye suti. Tarehe 15 Aprili 1966 wabunge wa Uganda waliambiwa kwamba iko katiba mpya, waipitishe, na nakala zao watazikuta kwenye vijisanduku vyao vya barua. Wakaipitisha. Nje, askari walikuwa wameuzunguka ukumbi. Watu wakaipa katiba hiyo jina la vijisanduku, na jina likaganda. Obote akatoka humo akiwa Rais mwenye madaraka kamili.

Kazi yako siku kama hiyo ni ndogo sana. Simama mlangoni, tabasamu, mpigie saluti kila mheshimiwa anayepita. Usimguse mtu. Mheshimiwa akiiona bunduki imelala vizuri begani, mambo ya kusoma ibara kwa ibara humtoka mwenyewe. Na kumbuka, mikono iliyonyooshwa humo ndani ni yao. Wako haupo. Siku upepo ukigeuka, utasema ulikuwa unalinda magari.

Hatua ya nne: acha ukuta mmoja mfupi

Buganda ikajibu. Tarehe 20 Mei Lukiiko, bunge lao, likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla mwezi haujaisha. Tatizo ni kwamba Kampala yenyewe iko Buganda, hivyo serikali ilikuwa inapewa notisi kama mpangaji. Alfajiri ya tarehe 24 Mei, Amin akaishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Walinzi wakajibu mapigo kwa saa nyingi, mvua kubwa ikashuka, na Mutesa akaruka ukuta, akapata teksi barabarani, akaibukia Burundi na mwisho London. Alifia huko mwaka 1969.

Usidhani kutoroka kwake kulikuwa hasara. Mfalme aliyekimbia ni akiba. Mwaka 1971, akiwa sasa ndiye Rais, Amin huyo huyo aliurudisha mwili wa Mutesa kutoka Uingereza, ukazikwa kwa heshima zote, na watu wa Buganda wakaona wamepata mtu mwenye utu. Aliyempiga mizinga nyumbani kwake ndiye aliyemletea jeneza. Wale mawaziri watano waliokamatwa kikaoni nao, waliokaa kizuizini miaka yote hiyo, Amin aliwafungulia siku chache tu baada ya kupindua.

Kwa hiyo kila unachokibomoa kwa amri ya mkubwa, vipande vyake vihifadhi. Vitakufaa kumsema mkubwa.

Hatua ya tano: msubiri asafiri

Kumpindua mtu akiwa nyumbani ni utovu wa adabu, tena anaweza akawa macho. Januari 1971 Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshaanza kumdai Amin maelezo ya fedha za jeshi. Ndiyo yale yale ya hatua ya pili, ila safari hii mkubwa hakuwemo kwenye mgawo. Tarehe 25 Januari vifaru vikazunguka Kampala, na ofisa wa cheo cha chini akatumwa redioni kusoma sababu 18 za mapinduzi.

Kwa maoni yangu 18 ni nyingi. Mwenye sababu moja ya kweli haandiki risala. Lakini watu wanapenda orodha, basi wape. Kisha useme kwamba wewe ni askari, siasa huijui, na kwamba uchaguzi utaitishwa hali ikitengemaa. Amin aliyasema hayo na watu wakashangilia. Miaka michache baadaye alikuwa Fildi Masho, Rais wa Maisha, na Daktari wa Sheria wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwenzetu ambaye hakuwahi kusumbuka na katiba, akavaa joho la sheria!

Hatua ya sita: ukishindwa, chagua pori zuri

Hapa sasa ndipo kwetu.

Obote alikuja Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa katakata kumtambua Amin. Huko Uganda askari Waacholi na Walango walikuwa wanauawa makambini. Waliopona wengi wakakimbilia Sudan. Mwaka 1972 Sudan ikapatana na waasi wake wa kusini kule Addis Ababa, ikataka na ujirani mwema na Amin, ikaona wageni hawa wanaiharibia. Wakafungashiwa virago. Wakapanda meli Port Sudan, wakashushwa Tanga, wakaletwa Handeni.

Kwa nini Handeni? Walioamua hawakutuita kikaoni. Lakini nikupe sifa za pori la jenerali mkimbizi, kisha useme mwenyewe kama tumepungukiwa. Liwe karibu na bandari, ila lisiwe machoni pa wasafiri. Liwe kavu, ili wapiganaji wasije wakanogewa na bustani wakasahau vita. Na wenyeji wake wawe watu wasioshtuka kwa mgeni. Hilo la mwisho tunalo mpaka tunalimwaga. Miaka ya 1990 walitufikia Wazigua wa Somalia, vizazi vya watu wetu waliouzwa utumwani karne ya 19, wakiongea Kizigua kizima kuliko cha vijana wetu wa bodaboda. Wako Chogo, na uraia wamepewa. Tangu mwaka 2022 wamekuja Wamaasai wa Ngorongoro, wakajengewa nyumba Msomera. Mzigua hushangaa mara moja, halafu huuliza mgeni amekula nini. Miji mingine hujisifu kwa kuzaa marais. Sisi tunafuga majenerali wa wenzetu, na hatujaomba hata picha ya ukutani.

Ukiwa kambini fuata masharti. Usijiite rais mtarajiwa mbele ya mpishi, maana mpishi ndiye anayepima ugali. Usimwambie kila mtu kwamba Krismasi mtakula Kampala. Na mpango wa vita usiuamini mpaka umeuona ukitembea.

Tarehe 17 Septemba 1972 jeshi la wakimbizi, watu wapatao 1,000 na ushee, likavuka mpaka kwa malori. Kundi moja likaelekea Masaka, jingine Mbarara. Hesabu yao ilikuwa kwamba wananchi wakiwaona tu wataamka wote. Wananchi walifunga milango. Kulikuwa na mpango wa angani pia: ichukuliwe kinyemela ndege ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ambalo Uganda yenyewe ilikuwa mbia wake, ipakie makomando iwamwage Entebbe. Ndege ikapatikana Dar es Salaam, ikaruka vizuri, ikatua Kilimanjaro, matairi yakapasuka. Makomando wakabaki uwanjani na silaha zao. Amin, aliyekuwa anahangaika kuwafukuza Waasia, akapata ushindi ambao hakuutolea jasho.

Mwezi Oktoba Rais Siad Barre wa Somalia akazisuluhisha Tanzania na Uganda kule Mogadishu, na katika masharti likawemo la kutowabeba maadui wa mwenzako. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapiganaji wakapelekwa Tabora kulima tumbaku. Ukipangiwa tumbaku, mwanangu, lima. Usinune, usiandike waraka wa kulalamika. Walioinama kwenye matuta ya tumbaku miaka ile ndio walioingia Kampala baadaye.

Hatua ya saba: rudi kwenu na jeshi la watu

Jeshi lako likiwa dogo, subiri adui yako amchokoze jirani mwenye kubwa. Oktoba 1978 Amin akaivamia Kagera. Vijana wa JWTZ, na wa Tanga wakiwemo, wakapanda malori kwenda Ziwa Magharibi, wakamtoa, wakavuka Mutukula, wakaichukua Masaka, wakawapiga na Walibya waliotumwa kumwokoa. Pembeni yao walitembea wakimbizi wetu, sasa wakiitwa Kikosi Maalumu, chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok.

Machi 1979 wanasiasa wa Uganda waliokuwa uhamishoni, makundi zaidi ya 20, wakakutana Moshi kutengeneza serikali. Aliyetoka Dar es Salaam kwa gari hakuwa na njia nyingine ila Korogwe, na Korogwe watu hawapiti na njaa. Haijawahi kudai Uganda hata bei ya chapati. Kule Moshi waheshimiwa walibishana mchana na usiku kuhusu kamati, mamlaka na nani amteue nani, mwisho wakamweka Profesa Yusuf Lule mbele, kwa kuwa kila upande uliamini hana meno. Makamanda hawakupoteza mate. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili, sauti iliyotangaza redioni kwamba Amin hayupo tena ilikuwa ya Oyite-Ojok. Walioibeba mizinga kutoka Mutukula ni Watanzania kwa maelfu. Nani anawajua majina?

Andika hilo kwenye daftari. Katika vita vya ukombozi, ulizia kwanza redio iko mtaa gani.

Hatua ya nane: barua ya ubalozi usiifungue

Profesa Lule alidumu siku 68. Aliteua mawaziri bila kuliuliza baraza lililomweka, baraza likasema mamlaka ni yake, yeye akasema ni yake, na wenye bunduki wakasubiri kujua wamfungie nani lango. Akaja Godfrey Binaisa, wakili. Mwaka 1966, wakati wa ile katiba ya vijisanduku, Binaisa ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Obote. Aliijua vizuri kazi ya askari wanaosimama nje ya ukumbi.

Mwezi Mei 1980 akajaribu kumwondoa Oyite-Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi ili ampeleke Algeria kuwa balozi. Siku hizo hizo aliyeondoka ni Binaisa. Tume ya Kijeshi ikashika nchi: mwenyekiti Paulo Muwanga, makamu wake kijana aitwaye Yoweri Museveni, na humo ndani Oyite-Ojok na Tito Okello. Desemba ukafanyika uchaguzi, Muwanga akapiga marufuku mtu mwingine yeyote kutangaza matokeo, na matokeo yakamrudisha Obote. Algeria ikakosa balozi mchangamfu.

Hapa nikuonye kuhusu mfano mbaya wa nchi yetu, usije ukauiga kwa bahati mbaya. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, Nyerere akajificha, Waingereza wakaitwa kuwanyang'anya bunduki. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huo likazaliwa jipya chini ya Mrisho Sarakikya. Akaliongoza miaka 10. Mwaka 1974 akaambiwa akabidhi, akakabidhi! Akawa waziri, akawa balozi, na muda wake mwingine akautumia kupanda Mlima Kilimanjaro kwa starehe zake. Desturi hiyo imetuharibia majenerali. Askari wetu akipenda siasa hupewa wilaya, akakagua madarasa, akafukuza wachoma mkaa, akishiba mikutano ya hadhara anachukua fomu ya ubunge. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, wanajeshi waliambiwa wachague sare au kadi ya chama. Luteni Kanali Jakaya Kikwete akachagua kadi, akafika Ikulu mwaka 2005 bila kuvunja hata kioo. Miaka 13 ya kupiga makofi kwenye vikao! Mtu mwenye haraka zako ataweza wapi?

Hatua ya tisa: mgeuke uliyemlimia tumbaku

Oyite-Ojok hakufika hatua hii. Alikuwa na jeshi mkono wa kulia na Bodi ya Kahawa mkono wa kushoto, kisha helikopta yake ikaanguka tarehe 2 Desemba 1983. Obote akakaa miezi akifikiria nani ashike nafasi hiyo, mwisho akamteua Smith Opon-Acak, Mlango mwenzake. Maofisa Waacholi waliokuwa na miaka mingi jeshini wakaanza kuhesabu vidole.

Tarehe 27 Julai 1985 Brigedia Bazilio Olara-Okello akaingia Kampala na askari wake, na siku mbili baadaye akaapishwa mkuu wa nchi mpya, Jenerali Tito Okello, mzee wa miaka 71, askari wa zamani wa King's African Rifles. Bazilio na Tito hawakuwa ndugu. Zingatia mbinu hiyo: mtafute mwenye jina linalofanana na lako, mpe kazi ya usiku. Lawama zikija zitapotea njia.

Wewe usikimbilie mbele, kaa kidogo hapa, maana kazi yote ya mwongozo huu iko hapa. Mwaka 1966 Obote alimkinga Amin na uchunguzi, akampa jeshi. Mwaka 1971 Amin akampindua. Okello alikula shida za uhamishoni Tanzania kwa ajili ya Obote, Obote akampa jeshi; mwaka 1985 Okello akampindua. Rais mmoja, makamanda wawili, na wote wawili alikuwa amewaonyesha mwenyewe, kwa vitendo, kwamba ukiwa na bunduki mlangoni katiba haikatai kitu. Walikuwa wanafunzi wazuri tu.

Usimhurumie sana. Mkubwa anayekupigia simu usiku uje umsaidie katiba anajua anachofanya. Anachokosea ni kudhani simu hiyo ina upande mmoja.

Hatua ya kumi: saini amani, ukiwa umevaa viatu vya kukimbilia

Ukishakuwa mkuu wa nchi watakuja wengine porini, maana njia umeiacha wazi. Museveni alikuwa vitani tangu Februari 1981. Okello akaenda Nairobi kuzungumza naye mbele ya Rais Moi, miezi na miezi ya chai na kahawa, na tarehe 17 Desemba 1985 wakatia saini mkataba wa amani. Tarehe 26 Januari 1986 Museveni akaiteka Kampala. Kutoka saini hadi kuanguka ni siku 40. Wanaojua siku za mwizi ni ngapi wasicheke kwa sauti.

Ipo njia ya mkato ya kisasa, nitaitaja upesi kwa kuwa inahitaji subira ambayo huna. Museveni alileta katiba mpya. Aliitengeneza mwaka 1995, halafu Bunge likaondoa ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017. Na kwenye ile simu ya usiku, tangu Machi 2024 mkuu wa majeshi ni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwanawe wa kumzaa. Obote hakuliwaza hilo.

Neno kuhusu kuanguka

Kuanguka kusikutishe. Amin alizeeka Jeddah akafa kitandani mwaka 2003. Obote alifariki Johannesburg mwaka 2005. Tito Okello alirudi Uganda mwaka 1993 kwa msamaha, akafariki mwaka 1996, na Januari 2010 Museveni, yule yule aliyempokonya Kampala, akamtunuku marehemu Nishani ya Kagera. Mwanawe, Henry Oryem Okello, amekuwa Waziri wa Nchi wa Mambo ya Nje katika serikali iliyomfukuza baba yake. Waliokosa nishani ni wale waliofunga milango Mbarara mwaka 1972, na wale waliokuwa upande usiofaa wa ukuta wa Lubiri.

Nawe siku ikikufika, usipotee. Kutoka Korogwe kuja Handeni siku hizi ni lami tupu, hutachelewa. Shuka stendi na nguo za kiraia, waamkie wakubwa, cheo chako kitaje ukiulizwa tu. Chakula cha siku mbili tutakupa. Jembe uje nalo.